Mti wa Krismasi Usiokatwa: Kupanda na Kutunza Saipresi Ndogo Nyumbani

Kila mwaka Majilio yakikaribia, sisi wa ofisi ya maendeleo ya parokia huletewa kesi za namna moja. Mtu amepanda saipresi kwenye mpaka wa shamba lake, labda ishirini, labda arobaini, akitumaini kwamba siku moja zitakuwa mbao za nyumba au karo ya mtoto. Kisha asubuhi moja mwezi wa Desemba anaamka na kukuta miti mitatu haina vichwa. Vijana wamepita usiku na panga. Vilele vimeshauzwa kando ya barabara, na wakati mwingine (hapa ndipo penye aibu) kimoja kimesimama karibu na altare, kimepambwa kwa pamba na karatasi za kumetameta, na mwenye mti yuko kwenye benchi la tatu akikitazama.

Hatuandiki haya ili kuwaharibia watoto sherehe. Tunaandika kwa sababu wengi wa wanaokata, na hata baadhi ya wanaokatiwa, hawajui kilele kina kazi gani. "Si utaota tena?" Ndivyo vijana wanavyouliza wakiitwa mbele ya wazee. Ni kweli kwamba mti hautakufa. Lakini kile ambacho mwenyewe alikuwa akikingojea kimepotea. Na tena iko njia ya kila boma kuwa na mti wake wa Krismasi kila mwaka bila kugusa wa jirani. Inataka mche mmoja, mkebe mmoja na makasi.

Kazi ya kilele

Saipresi ina shina moja linaloongoza, na kilele ndicho mkuu wa shina hilo. Kikiwapo, matawi ya kando hukaa kwa adabu pembeni na mti unapanda wima. Kikiondolewa, matawi ya juu yaliyobaki yanageuka na kuelekea mbinguni, mawili au matatu kwa pamoja, kila moja likitaka ukubwa. Mti unakuwa na panda. Katika misitu inayopandwa kwa ajili ya mbao, saipresi hungojewa miaka ishirini na mitano hadi thelathini. Sasa tuseme wako ulikatwa kichwa ukiwa na kimo cha mita tatu. Siku ya kuuza, mnunuzi atapima gogo fupi lililonyooka pale chini, na kutoka kwenye panda kwenda juu atasema ni kuni. Hawezi kulaumiwa, maana mbao iliyopinda haipigiliwi misumari vizuri, na pale penye panda maji hukaa na kuanzisha uozo.

Hivyo kilele kilichouzwa kwa pesa ya soda kinaweza kumgharimu mwenye mti nusu ya mbao zake. Tunawaomba makatekista na viongozi wa vijana wawaeleze vijana jambo hili kabla ya Desemba, siyo baada.

Kuna jambo la pili, na hili ndilo msingi wa utunzaji wote tutakaoueleza. Wengi wetu tumezoea mgravilia na mkalatusi. Hiyo unaikata upendavyo, na mvua ikinyesha inachipuka. Saipresi haina tabia hiyo. Ukikata shina ukaacha kisiki kitupu, kisiki kinakufa. Ukikata tawi mpaka kwenye ile sehemu ya kahawia isiyokuwa na majani mabichi, tawi hilo halitachipua tena maisha yake yote. Utabaki na shimo. Saipresi hukatwa kwenye kijani, na lazima kijani kibaki nyuma ya makasi.

Ule mti mdogo wa kwenye kadi

Watu hutuuliza kuhusu ule mti mfupi, mnene kama pia iliyogeuzwa juu chini, unaochorwa kwenye kadi za Krismasi. Je, hauwezi kupandwa huku kwetu? Ule ni aina ya sprusi kibete. Ulipatikana mwaka 1904 huko Alberta, Kanada, karibu na kituo cha Laggan ambacho leo kinaitwa Lake Louise. Waliouona ni wataalamu wawili wa mimea kutoka Marekani, Alfred Rehder na John George Jack. Katikati ya sprusi za kawaida, ambazo hufika mita ishirini na zaidi, walikuta miche ambayo haikutaka kukua. Karibu sprusi zote za aina hiyo zinazouzwa duniani leo zimetokana na vipandikizi vya pale. Kwa mwaka mzima huongeza sentimita tano hadi kumi tu.

Ni mti mzuri, lakini umezoea kulala miezi kadhaa chini ya theluji. Joto na hewa kavu huuchosha, na utitiri mwekundu huushambulia hadi unakuwa na rangi ya kutu. Sisi hatuna majira ya baridi ya kuulaza. Ukiuona mahali fulani ukiuzwa kwa bei ya mbuzi, fikiri mara mbili.

Tofauti iliyopo ni hii: ule ni mfupi kwa kuzaliwa, na wetu utakuwa mfupi kwa kulelewa. Saipresi kwenye udongo mzuri hupanda mita moja au zaidi kwa mwaka, na ukiiacha itafika mita thelathini. Kuiweka kwenye kimo cha mtoto wa shule ni kazi ya kila mwaka, siyo ya mara moja.

Saipresi yenyewe si mwenyeji. Tunayoipanda zaidi Kenya asili yake ni Meksiko na Guatemala, ingawa wenye sayansi waliipa jina la Ureno, kwa kuwa wazungu waliizoea ikiwa imepandwa huko. Hupenda nyanda za juu, kuanzia mita 1,500 hivi juu ya bahari, na ndiyo maana inastawi Limuru, Kinangop, Nyahururu na Molo. Msomaji wa sehemu za joto na ukame asijisumbue nayo. Huko Pwani wana mvinje, ambao nao unakubali makasi.

Kwa anayetaka mti wa kienyeji, tunampendekezea podo. Inakua polepole, kwa hiyo haikimbizani na makasi, na mdudu tutakayemtaja hapa chini haigusi. Ubaya wake ni kwamba mbegu hukaa sana kabla ya kuota, basi ni heri kununua mche. Kwa kiwanja cha kanisa, ambako hakuna haraka, sisi tungechagua podo kuliko saipresi.

Kuanza na mche

Nunua mche wa kimo cha sentimita ishirini hadi thelathini. Usidanganywe na mrefu! Mche uliokaa sana kwenye nasari, mizizi yake huzunguka ndani ya karatasi kama kamba, na ukiupanda hivyo mizizi inaendelea kuzunguka hadi unajinyonga. Tazama chini ya karatasi. Ukiona mizizi minene imetoka na kuingia ardhini, achana nao. Shika shina uutikise kidogo, unatakiwa usimame imara. Tazama pia katikati ya matawi: kijani mpaka ndani ni dalili njema.

Wanaotaka kuanza na mbegu wachume makoni ya kahawia yaliyokomaa kabla hayajafunguka, wayaanike juu ya gunia mpaka yafunguke yenyewe. Mbegu ni ndogo sana, basi usizifukie, nyunyizia tu mchanga juu yake na uweke kivuli. Kutoka mbegu hadi mche wa kupandwa ni miezi sita hadi mwaka mmoja, kutegemea baridi ya mahali.

Mkebe uwe mkubwa. Debe la lita ishirini linafaa, ndoo ya rangi iliyooshwa vizuri inafaa, hata jerikani iliyokatwa juu. Toboa matundu matano au sita chini, ya upana wa kidole. Wengi hutoboa moja, kisha wanashangaa mti umeoza mizizi mwezi wa Aprili. Weka kokoto kidogo, halafu changanya udongo mweusi wa juu sehemu tatu, mbolea ya ng'ombe iliyooza kabisa sehemu mbili, na mchanga wa mto sehemu moja. Mbolea ambayo bado ina moto itaunguza mizizi. Ukitia mkono ndani ya lundo na ukahisi joto, ngoja.

Kabla ya kupanda, kata ile karatasi ya nailoni na uiondoe yote. Tunarudia: yote. Tumeng'oa miche iliyokufa kwenye shamba la shule na kuikuta bado imevaa karatasi, kama mtoto aliyezikwa na nguo za shule. Ukiona mizizi imeanza kujikunja chini, kata sehemu hiyo kwa kisu kikali, sentimita mbili hivi. Haitaumia. Usiizike shingo ya mche, yaani pale shina linapokutana na mizizi. Ibaki usawa ule ule iliokuwa nao.

Mwagilia vizuri siku ya kupanda, kisha uweke kwenye kivuli chepesi wiki mbili kabla ya kuuzoesha jua. Baadaye maji yafuate kidole: ingiza kidole hadi kiungo cha pili, kukiwa kukavu mwagilia, kukiwa na unyevu acha. Maji ya kuoshea mboga yanafaa. Maji ya kufulia yenye sabuni nyingi usiyamwage kwenye debe kila siku, kwa sababu chumvi zake hukusanyika.

Anayetaka kuupanda ardhini moja kwa moja, mbele ya nyumba, achimbe shimo la sentimita arobaini na tano kila upande na apande mvua za Machi au Aprili zikishashika. Kama nia ni kuuweka mfupi, mita mbili kutoka ukutani zinatosha. Kama siku moja utauacha urefuke, usiuweke karibu na nyumba hata kidogo. Mizizi ya saipresi haiendi chini sana, na upepo mkubwa huuangusha mti mzima pamoja na paa lako. Kwenye mpaka, ingia ndani ya shamba lako angalau mita moja na umwambie jirani kabla ya kuchimba. Mahindi yaliyo karibu na saipresi hudhoofika kwa sababu mizizi yake inanyang'anya maji, na kesi za namna hiyo pia tunazo.

Makasi, siyo panga

Kazi ya kuufupisha mti inaanza mapema, ukiwa na kimo cha goti. Watu husubiri mpaka uwe mrefu kuliko wao, ndipo wanaurudisha chini kwa panga, na tayari wamefika kwenye mti wa kahawia usiochipua. Hapo hakuna dawa.

Amua kwanza unataka kimo gani. Tuseme ni mita moja na nusu. Kilele kikikaribia hapo, kiache kiwe pungufu kwa kiganja kimoja, kisha kikate. Hapa mtu atatuuliza: si mlisema kilele kisikatwe? Tulisema hivyo kwa mti wa mbao. Huu si wa mbao, na panda ndiyo tunayoitafuta ili uwe mnene. Ila usiruhusu yale matawi mawili matatu yanayogeuka yawe wakuu. Bakiza moja la katikati, mengine uyapunguze kila yanapolipita, ndipo mti ubaki na ncha.

Matawi ya kando, kata ncha zake tu, sentimita mbili au tatu, na kila mara uone majani mabichi yamebaki kwenye tawi. Fanya hivyo mara mbili au tatu kwa mwaka wakati wa mvua, mti ukiwa na nguvu. Wakati wa kiangazi weka makasi chini. Kule kunakoanguka jalidi, kama Kinangop, usikate karibu na majira ya jalidi, kwa kuwa chipukizi laini zitaungua usiku mmoja.

Umbo lake ni jambo ambalo hata mafundi wa kukata ua hukosea. Chini pawe papana kuliko juu, sikuzote. Ukiufanya mpana juu, majani ya chini yanakosa jua, yanakufa, na kama tulivyosema hayarudi. Tazama ua wa saipresi uliozeeka popote: juu kijani, chini miguu mitupu ambayo kuku, mbuzi na wezi hupita. Wenye ua wapande miche sentimita thelathini hadi hamsini kati ya mmoja na mwingine, waukate kwa umbo hilo hilo tangu mwaka wa kwanza. Tena waondoe matawi makavu yaliyojaa ndani, kwa kuwa saipresi kavu inashika moto kama karatasi, na nyumba nyingi jikoni pako karibu na ua.

Panga halifai kwa sababu linapasua. Jeraha lililopasuka ni mlango wa ugonjwa. Wazee watakumbuka saipresi nyingine iliyoitwa makrokapa, asili yake California, iliyopandwa sana hapa nchini zamani. Iliachwa kupandwa katikati ya karne iliyopita kwa sababu ya ugonjwa wa vidonda vya gome uliokuwa ukiiua. Saipresi ya sasa inastahimili zaidi, lakini si kwamba haiugui. Makasi yakitoka kwenye mti mgonjwa yaoshwe kwa maji ya jiki kabla hayajagusa mzima.

Neno moja kwa wenye ng'ombe wa kufungiwa zizini. Matawi mliyokata msimtupie ng'ombe, hasa mwenye mimba. Majani ya saipresi yanaweza kumfanya atupe mimba. Yatieni kwenye shimo la taka au mkayakaushe yawe kuni za kuwashia moto.

Vidukari

Waliokuwa na ua wa saipresi mwaka 1990 hawatausahau. Mwaka huo kidukari wa saipresi aliingia Kenya, akitokea kusini. Malawi walikuwa wameshamwona mwaka 1986. Ua za kijani zikawa za kahawia kama zimepigwa na moto, na watu wengine wakadhani ni laana au sumu ya jirani. Kumbe ni mdudu wa milimita mbili hadi nne, wa rangi ya majivu na kahawia, anayekaa kwa makundi juu ya vitawi ndani ya mti na kufyonza utomvu. Mate yake yana sumu kwa mti, ndiyo maana tawi linakauka hata wakiwa si wengi sana. Mutarakwa, ule mwerezi wetu wa asili, nao alimgusa.

Katika miaka ya 1990 wataalamu walimleta adui yake, nyigu mdogo sana anayetaga yai ndani ya kidukari, na hali ikapungua ukali. Hakuisha. Bado yuko, na hupenda hasa miti inayokatwa mara kwa mara, kwa sababu ya chipukizi laini. Yaani mti wetu mdogo ndio chakula chake.

Basi uwe na desturi ya kuutazama kila wiki mbili. Usitazame juu juu. Fungua matawi kwa mikono uone ndani. Dalili ya kwanza siyo rangi ya kahawia, ile huja mwishoni. Dalili ya kwanza ni sisimizi wakipanda na kushuka kwenye shina. Wanafuata maji matamu ambayo kidukari huyatoa. Ya pili ni majani kunata mkononi. Ya tatu ni weusi kama masizi juu ya majani, ambao ni kuvu inayoota kwenye ule utamu. Kama una wasiwasi, tandaza kitambaa cheupe chini ya tawi na uligonge kwa fimbo mara tatu. Wakiwepo wataanguka uwaone.

Wakiwa wachache, kata vitawi vyao na uvichome. Wakiwa wengi zaidi, changanya kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwa kila lita ya maji, ujaribu kwanza tawi moja na kungoja siku mbili. Lisipodhurika, nyunyizia mti wote jioni, ukielekeza maji ndani ya matawi wanakokaa. Rudia baada ya siku tano hadi saba. Sabuni inaua yule inayemgusa tu, kwa hiyo kunyunyiza juu juu ni kupoteza sabuni. Wale wadudu wadogo wekundu wenye madoa meusi mgongoni usiwaue. Hao wanakula vidukari.

Kuhusu dawa za dukani, ushauri wetu ni kumwona afisa wa kilimo au wa misitu kwanza. Mti mmoja wa debe haustahili sumu ambayo mtoto atashika mkononi Krismasi.

Siku ya kuuingiza nyumbani

Mti ukiwa na miaka miwili au mitatu unatosha kupambwa. Uingize siku mbili tatu kabla ya mkesha, usizidi siku kumi ndani. Hauna jua la kutosha humo, na ukikaa mpaka mwisho wa Januari utaanza kupukutika. Weka debe mbali na jiko na mbali na dirisha la jua kali, uweke sinia chini, mwagilia kama kawaida. Mishumaa ya moto usiisogeze. Tuseme wazi kwamba hili si la kujadiliana nyumba ikiwa na watoto na nailoni. Pamba na karatasi zinatosha, na uziondoe zote ukimaliza, kwa kuwa uzi uliosahaulika hukaza na kukata tawi. Ukiutoa nje, uweke kivulini wiki moja kwanza.

Kila baada ya miaka miwili, mwanzo wa mvua, utoe kwenye debe. Kata ukingo wa mizizi kwa kisu kuzunguka, unene wa vidole viwili, urudishe na udongo mpya na mbolea. Siku hiyo hiyo punguza majani kidogo, ili mizizi iliyopungua isilemewe. Ukiona umechoka nao, upande kwenye kiwanja cha shule na uanze mwingine.

Kwa Jumuiya Ndogo Ndogo

Hapa kuna pesa, siyo nyingi, lakini za haki. Jumuiya yenye kipande cha mita kumi kwa kumi inaweza kupanda saipresi mia moja kwa nafasi ya mita moja, kwa nia ya kuuza miti ya Krismasi tu. Mwaka wa tatu ina kimo cha kuuzwa. Msikate usawa wa ardhi. Kateni juu ya duara la chini la matawi yenye majani mabichi. Tawi moja kati ya hayo litageuka na kupanda. Mengine yanayogeuka myapunguze, na kisiki hicho hicho kitatoa mti wa pili baada ya miaka michache. Kila mti uuzwe na karatasi yenye sahihi ya mwenyekiti wa jumuiya, ili anayeupeleka kanisani au sokoni aweze kuonyesha umetoka wapi. Na halmashauri ya kigango ikubaliane kwamba mti usio na karatasi hiyo haupokelewi kupamba altare, hata ukiletwa bure. Hapo ndipo biashara ya usiku itakapokosa mnunuzi.

Wanaotaka kupanda Machi waanze kutafuta miche Septemba, kwa sababu mvua zikikaribia nasari hubakiwa na ile mirefu iliyojikunja mizizi.